Maji ya Birika Chini ya Karthala

Nyumbani kwetu Kikwajuni palikuwa na jiwe jeusi ambalo Koko alilitumia kukandamizia kifuniko cha mtungi wa maji ya kunywa. Koko ndivyo Wangazija wanavyomwita bibi, nasi tulimwita hivyo bibi mzaa mama kwa kuwa alizaliwa Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, na kuletwa Unguja angali mdogo. Jiwe lake halikufanana na jiwe lolote la kisiwani kwetu. Mawe tuliyoyajua ni ya matumbawe, meupe au ya kijivu, ambayo ukiyavunja utakuta ndani yake alama za makome, na ukiyachoma tanurini utapata chokaa. Jiwe la Koko lilikuwa jeusi kama mkaa uliorowa, limejaa vitobo kama mkate wa kumimina, zito kuliko linavyoonekana, na ukiligeuzageuza juani lilionyesha chembe za kijani mfano wa chengachenga za chupa. Siku moja, nikiwa bado skuli ya msingi, nilimwuliza limetoka wapi. Alinijibu, "Limetoka mlimani. Lilikuwa maji."

Nililichukulia kuwa ni neno la wazee, na sikuuliza tena.

Usiku wa tarehe 24 Novemba 2005 mlima Karthala, ule mlima wa Ngazija ambako jiwe lile lilitoka, ulianza kulipuka kwa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja. Habari zilitufikia kwa simu ya mama yangu mdogo, mtoto wa dada yake Koko, ambaye anaishi katika kijiji kimoja cha upande wa Mbadjini, kusini mwa kisiwa. Alisema kwamba majivu yameanguka usiku kucha, kwamba mchana umekuwa kama wakati wa magharibi, na kwamba watoto wamefungwa vitambaa puani. Koko aliuliza kwanza habari za watu, akaambiwa ni wazima. Kisha akauliza habari za maji. Alipojibiwa, alinyamaza kwa muda mrefu, akanirudishia simu, akaenda jikoni, akaliondoa lile jiwe, akafunua mtungi, akayatazama maji, akafunika tena. Mimi nilikuwa nimekwisha maliza masomo yangu na nilidhani naijua jiografia, lakini sikuelewa kwa nini mtu aliyeambiwa kwamba mlima unawaka moto awe na hofu ya maji.

Ngazija ni kisiwa kidogo kuliko Unguja, lakini wakati sehemu ya juu kabisa ya Unguja haifiki mita 150, Karthala unapanda hadi mita 2,361 kutoka usawa wa bahari, na kileleni pana kasoko kubwa, yaani shimo la volkano, lenye upana wa kilomita 3 kwa 4 hivi. Ni miongoni mwa volkano hai zenye nguvu zaidi katika Bahari ya Hindi, na tangu karne ya 19 umelipuka zaidi ya mara 20. Kisiwa kizima ni kazi ya mlima huo na mwenzake mdogo wa kaskazini uitwao La Grille. Udongo na mawe yake yamejaa vitobo kama vya jiwe la Koko, ndiyo maana mvua inanyesha kwa wingi lakini hakuna mto unaodumu: maji yote hunywewa na ardhi papo hapo. Kwa hiyo watu wa vijijini wanaishi kwa birika. Maji ya mvua hukingwa kutoka kwenye bati, yakapita kwenye mlizamu, yakaingia katika birika la saruji lililojengwa kando ya nyumba, na hayo ndiyo ya kunywa, ya kupikia na ya kutawadha hadi mvua ijayo. Sisi wa Unguja tuna visima na chemchemi, na hata hivyo tunajua namna mtaa unavyokuwa maji yakikatika kwa siku tatu.

Nitaeleza kwanza sababu, kwa kuwa hapa ndipo wengi wetu tulipofundishwa vibaya. Tuliambiwa kwamba chini ya ardhi kuna bahari ya moto, nasi tunaelea juu yake. Sivyo. Chini ya ganda la dunia kuna tabaka la miamba lenye unene wa kilomita 2,900 hivi, lina joto kali mno, lakini karibu lote ni gumu, kwa sababu uzito wa miamba iliyo juu unaizuia isiyeyuke. Huyeyuka pale tu hali inapobadilika. Mwamba ukipanda juu, uzito juu yake hupungua na sehemu yake huyeyuka ingawa joto halikuongezeka. Ndivyo inavyotokea katika Bonde la Ufa, ambako bara letu linajitenga polepole na ambako mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai umesimama. Au maji ya bahari yakiburuzwa chini pamoja na bamba la ardhi linalozama chini ya jingine, kama huko Indonesia, maji hayo huufanya mwamba uyeyuke kwa joto ambalo lisingeuyeyusha ukiwa mkavu. Kuhusu visiwa vya Ngazija na jirani zake wataalamu wamegawanyika: wapo wanaosema kwamba chini yake kuna nguzo ya joto inayopanda kutoka kina kirefu, na wapo wanaosema kwamba ganda la dunia lina ufa wa zamani katika eneo hilo, nao ndio unaoipa njia magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Mimi naona hoja ya ufa imepata nguvu zaidi tangu mwaka 2018, kwa jambo nitakalolieleza mbele.

Magma ikishaundwa huwa nyepesi kuliko mwamba ulioizunguka, hivyo hupanda, na ndani yake mna gesi zilizoyeyuka: mvuke wa maji, hewa ya ukaa na gesi za salfa. Inapokaribia juu gesi hizo hujitenga na kuwa mapovu. Kinachofuata kinategemea kama magma yenyewe ni ya majimaji au ni nzito ya kunata, na kwa hili jikoni panatosha kuwa darasa. Uji mwepesi ukichemka hutokota kwa utulivu, kwa sababu povu hupata njia ya kutoka. Bokoboko likichemka hupasuka na kuruka likamuunguza mpishi mkono, kwa sababu mvuke umenaswa ndani yake. Magma ya Karthala ni ya aina ya uji mwepesi. Ikitoka hutiririka, ina joto la nyuzi zaidi ya 1,000, na hapo ndipo nilipolifahamu neno la Koko: jiwe lile lilikuwa maji kweli, lilitiririka, na vile vitobo ni mapovu ya gesi yaliyogandia humo.

Lakini kama ni uji mwepesi, majivu ya mwaka 2005 yalitoka wapi? Jibu ni lile analolijua kila aliyewahi kukaanga samaki ambaye hakukaushwa vizuri. Maji yakiingia katika mafuta ya moto hugeuka mvuke ghafla, na mvuke huo hurusha mafuta hadi ukutani. Ndani ya kasoko la Chahale, kileleni mwa Karthala, palikuwa na ziwa, na mwamba wa chini yake umejaa maji ya mvua. Magma ilipopanda Aprili 2005 ikakutana na maji hayo, ilipasuliwa vipande vidogo mno na kurushwa angani. Watu wapatao 10,000 walikimbia vijiji vyao kwa hofu. Novemba mambo yakawa mabaya zaidi, na watu zaidi ya 100,000 walikosa maji safi, kwa sababu majivu yale yalianguka juu ya kila bati, na kila bati linaelekea kwenye birika.

Majivu haya si majivu ya kuni, na neno letu linatupoteza kidogo. Majivu ya jikoni ni laini, sehemu yake huyeyuka majini, na bibi zetu waliyasugulia sufuria. Majivu ya volkano ni mawe na vioo vilivyosagwa. Ukiyapima kwa vidole yanakwaruza, ukiyavuta puani yanaumiza kifua, na yakirowa huwa mazito kiasi cha kuliangusha paa. Yanabeba pia tindikali na madini ya floraidi, ambayo yakikaa juu ya majani huwadhuru mbuzi na ng'ombe wanaoyala. Na yakishatanda mlimani huziba vile vitobo vya ardhi, hivyo mvua iliyokuwa ikizama papo hapo huanza kuteremka kwa kasi ikibeba tope na mawe hadi vijijini. Kwa hiyo mlipuko wa siku chache huacha matatizo yanayorudi kila msimu wa mvua.

Lava yenyewe, yaani magma iliyokwisha kutoka nje, huogopesha kwa macho, lakini mara nyingi humpa mtu muda wa kuondoka. Mwaka 1977 ufa ulifunguka ubavuni mwa Karthala, upande wa kusini magharibi, na lava ikakifunika kijiji cha Singani ikielekea baharini. Nyumba zilikwenda, minazi ilikwenda. Gesi ni hatari ya namna nyingine, kwa sababu haionekani: mwaka 1903 watu 17 walikufa Ngazija kwa gesi iliyotoka ardhini. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama mabondeni, na anayekufa kwanza ni mbuzi, au mtoto, kwa kuwa pua zao ziko chini. Waswahili wa Goma, huko Kongo, wanayaita mabonde ya namna hiyo mazuku, na wataalamu wa volkano duniani kote wamelichukua neno hilo kama lilivyo. Nililikuta katika maandishi ya kitaalamu nikashtuka, kwa sababu katika masikio ya mtu wa Unguja linalia karibu sana na mizuka.

Sitaki kuusingizia mlima ubaya mtupu. Baada ya miaka mingi lava huoza ikawa udongo wenye rutuba, na ni katika udongo wa namna hiyo ambamo Ngazija na kisiwa jirani cha Nzuani wanalima vanila, karafuu na milangilangi. Mpemba anayejua thamani ya shina la mkarafuu hahitaji kuelezwa kwa nini watu hawauhami mlima.

Sasa nirudi kwenye bahari, kwa kuwa wapo wasomaji wa Unguja na Pemba watakaosema kwamba haya ni ya wenzetu. Ndugu zetu wako huko, na hilo peke yake lingetosha. Sheikh Ahmed bin Sumeit, ambaye kwa miaka mingi alikuwa kadhi wa Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1925, alizaliwa Ngazija, na si yeye peke yake. Lakini hata bila ya udugu, volkano imewahi kutufikia. Tarehe 27 Agosti 1883 kisiwa cha Krakatoa, Indonesia, kililipuka kwa kishindo kilichosikika hadi kisiwa cha Rodrigues, umbali wa kilomita 4,800 hivi, na watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi wao kwa mawimbi. Mwaka uliofuata, katika zama za Sayyid Barghash, mawe mepesi yaeleayo kutoka mlipuko ule yaliletwa na mikondo ya bahari hadi fukwe zetu, na imeandikwa kwamba mnamo Julai 1884 watoto wa skuli ya wamisionari hapa Zanzibar waliyaokota ufukweni, na pamoja nayo wakaokota mafuvu na mifupa ya watu. Kila ninapopita pwani ya Makunduchi maji yakiwa yamekupwa, nikaona jiwe jepesi la kusugulia miguu limelala kwenye mwani, huwafikiria watu wale waliosafiri bahari nzima bila ya kaburi.

Na lile jambo la mwaka 2018 lilitokea karibu zaidi. Tarehe 10 Mei matetemeko yalianza kisiwani Mayotte, ambacho wenyewe wanakiita Maore, yakaendelea kwa maelfu, na siku tano baadaye likaja moja lenye ukubwa wa 5.9. Watu walilala nje kwa wiki nyingi bila ya kujua ni nini, na uvumi ukajaza nafasi ya maarifa. Kisiwa kilianza kudidimia kidogo kidogo na kusogea upande wa mashariki. Mwezi Mei 2019 meli ya utafiti ilipima sakafu ya bahari, kilomita 50 mashariki ya kisiwa, ikakuta mlima mpya wenye kimo cha mita 820 hivi mahali ambapo ramani za zamani zilionyesha uwanda. Umepewa jina la Fani Maoré. Volkano nzima ilizaliwa katika bahari yetu, kwenye kina cha zaidi ya kilomita 3, na kwa mwaka mzima hapakuwa na mtu aliyeiona.

Vyombo vya kudumu vya kupimia matetemeko kisiwani Maore vilikuwa vichache mno wakati matetemeko yalipoanza. Mtandao kamili wa ufuatiliaji uliwekwa baada ya watu kuogopa. Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote. Tetemeko la kawaida la ardhi huja bila ya taarifa. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 lilipotokea tetemeko baharini kusini mashariki ya Dar es Salaam, sisi huku mjini tulitoka nje tukiwa na khanga na kanzu za kulalia, na hakuna chombo duniani ambacho kingetuambia saa moja kabla. Volkano mara nyingi sivyo. Magma inayopanda huvunja mwamba, na kila mwamba unaovunjika hutoa tetemeko dogo ambalo mtu halisikii lakini chombo kinalisikia. Matetemeko hayo huongezeka, na chanzo chake husogea juu siku hadi siku. Ubavu wa mlima huvimba kwa sentimita chache, na vipokezi vya satelaiti vilivyofungwa kwenye mwamba huonyesha hivyo. Gesi ya salfa huzidi, na joto la ziwa la kasoko hupanda. Hakuna dalili moja inayotosha peke yake, na mlima unaweza kutoa dalili zote kisha ukatulia, lakini zikisomwa pamoja na mtu anayeujua mlima huo, zinasema jambo.

Msisitizo wangu uko kwenye maneno hayo, mtu anayeujua mlima huo. Mama anayemjua mwanawe hutambua kilio cha njaa na kilio cha homa. Mgeni husikia kelele tu. Ili ujue kwamba matetemeko 200 kwa siku ni mengi, lazima uwe umehesabu siku ambazo yalikuwa matano, na siku hizo ni nyingi, za kuchosha, hazina habari ya kupeleka redioni. Ngazija ilipata kituo chake cha kuufuatilia Karthala mwaka 1988, chini ya taasisi ya utafiti iliyoko Moroni, mji mkuu wa Komoro, na kwa msaada wa wataalamu wa Ufaransa, na miaka mitatu baadaye, Julai 1991, mlima ulitoa mlipuko wa mvuke. Tangu wakati huo watu wachache wamekuwa wakipanda mlima ule kubadilisha betri, kufuta majivu kwenye paneli za sola na kurekebisha nyaya zilizoliwa na kutu. Kazi hiyo haina sifa. Fedha zake hupatikana kwa urahisi mwezi mmoja baada ya mlipuko, na hukatika mlima unapotulia, yaani wakati ule ule ambao hesabu za siku tulivu zinatakiwa kuandikwa. Goma walilipia jambo hilo: ufadhili wa mradi uliokuwa ukiusaidia uangalizi wa Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji huo, ulimalizika mwaka 2020, na tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka hadi pembezoni mwa mji, ikaua watu wasiopungua 30, bila ya onyo kutolewa mapema.

Sisi Zanzibar hatuna mlima wa kuufuatilia, lakini tuna uwanja wa ndege. Majivu yakiingia katika injini huyeyuka na kugandia humo. Mwaka 1982 ndege moja ya abiria ilizimikiwa na injini zote nne juu ya Indonesia, ikashuka bila ya nguvu kwa dakika kadhaa kabla ya injini kuwaka tena. Tahadhari za majivu kwa anga yetu hutolewa na kituo kilichoko Toulouse, Ufaransa, ambacho kinaangalia Afrika nzima. Ningependa kuona vijana wetu wa chuo kikuu wakipelekwa Moroni kujifunza kusoma mitetemo ya Karthala. Ni saa chache kwa ndege, lugha zetu ni za ukoo mmoja, na maarifa hayo yangerudi nyumbani.

Koko alifariki kabla sijapata nafasi ya kwenda Ngazija. Nilipokwenda hatimaye, nilipanda Karthala kutokea Mvouni pamoja na kijana wa kuniongoza, tukapita mashamba ya migomba, kisha msitu wenye ukungu ambamo anaishi bundi asiyepatikana popote pengine duniani, kisha vichaka vya mwinuko, hadi tukatokea ukingoni mwa kasoko jioni. Chini yetu palikuwa na uwanda mweusi, kimya, na moshi mwembamba unaopanda kutoka upande mmoja. Niliokota jiwe, nikaliona lina vitobo na chembe za kijani, nikalirudisha mahali pake kwa sababu la kwetu lipo.

Kesho yake nilikwenda Mbadjini kwa mama mdogo. Nyumba ni yake, kama ilivyo desturi ya Ngazija ambako nyumba hurithiwa na wanawake, na birika liko nyuma, limefunikwa kwa bati lililokandamizwa kwa mawe meusi manne. Nilimwuliza mwaka 2005 walifanya nini. Aliniambia kwamba walilikomba birika lote kwa ndoo, maji meusi kama wino, wakasugua kuta, na wakanunua maji ya kunywa kwa wiki nyingi kutoka kwa watu wa magari. Kisha alinionyesha kitu alichokifanya baadaye. Mlizamu wake haukujengewa tena kwa saruji. Ameuunga kwa kipande cha bomba ambacho huchomolewa. Redio ikitangaza kwamba mlima umeanza kutikisika, alisema, anahitaji muda wa kutoka shambani na kufika nyumbani tu.

Aliuchomoa mbele yangu kwa mkono mmoja na kuusimamisha ukutani. Mawingu yalikuwa yamekwisha kushuka kutoka mlimani, matone ya kwanza yakaanza kugonga bati, naye akaurudisha upesi ili mvua ile isipotee.